Geji ya Rangi Ikisoma Juu, Usifurahi Haraka

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kung'arisha magari niliunguza boneti ya mteja, na geji, kifaa cha kupima unene wa rangi, nilikuwa nayo mkononi. Gari lilikuwa la bluu. Geji ilisoma mikroni 210, nikaona nyama ipo ya kutosha. Nikachukua pedi ya sufi na kompaundi kali, ile dawa ya kusugulia rangi. Nilipofika kwenye mkunjo wa boneti, pedi ikageuka bluu. Kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ilikuwa imekwisha.

Kosa langu lilikuwa kudhani geji inaiona kliya. Haiioni. Inapima kila kilichopo kati ya uso wa rangi na bati, basi. Mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya mikroni 90 na 150, praima, yaani rangi ya msingi, na yote yaliyo chini yake yakiwemo, na humo kliya huwa na 35 hadi 50 hivi. Boneti ile ilikuwa imepulizwa upya juu ya rangi ya zamani, kliya ikawekwa kidogo tu. Tarakimu ilikuwa kubwa, kinga ilikuwa ndogo.

Siku hizi sipimi gari halijaoshwa, kwa kuwa vumbi nalo linahesabiwa. Asubuhi naiweka geji kwenye bati tupu isome sifuri, kisha juu ya karatasi ya plastiki ambayo unene wake naujua. Halafu nafungua mlango na kupima kwenye fremu, mahali ambapo pedi haijawahi kufika. Kiwandani hapo kwa kawaida hapapakwi rangi nyingi kama nje. Kwa hiyo nje kukisoma chini kuliko fremu, najua kuna aliyekwisha kuila rangi ya gari hilo kabla yangu.

Kila kipande napima sehemu tano au zaidi. 112, 118, 121, hiyo ni kawaida. Lakini mlango ukisoma 120 na hatua moja pembeni 640, hapo kuna fila, ile lipu ya kujazia mabonde ya bati.

“Fundi, kwa hivyo hii gari iligongwa?” Wateja wanaotoka kwenye yadi za magari za Ngong Road huniuliza hivyo sana. Jibu langu ni kwamba hapo palirekebishwa. Sababu yake geji haiisemi.

Ukinunua geji, hakikisha inasoma alumini pia. Baadhi ya Subaru zina boneti ya alumini, na geji ya chuma pekee haitakupa kitu. Bampa za plastiki ni habari nyingine, zinataka kipimo cha mawimbi ya sauti.

Paa ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nairobi iko karibu na ikweta, juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua letu ni kali. Kliya ndiyo inayoikinga rangi, na kompaundi huanza kula upande wa juu, ule ule unaopigwa na jua.

Majuzi mteja alitaka nimtolee mkwaruzo mrefu kwenye paa. Lilisoma 84. Nikamwonyesha, nikapitisha polishi laini kwa pedi ya sponji, nikapima tena, nikaacha. Hakupenda. Mkwaruzo bado upo, unaonekana jua likiwa ubavuni, na kliya bado ipo juu ya rangi yake.