Paa la asbesto haling'olewi kwa nyundo

Mvua za masika zikikaribia, nyumba nyingi za zamani hubadilishwa paa, na malalamiko yanayowafikia maafisa wa mazingira huwa ya aina moja: jirani ameangusha mabati ya asbesto kwa nyundo, vumbi limeingia madirishani mwa watu, na vipande vimemwagwa njiani kufukia mashimo. Mwenye nyumba akiulizwa, hujibu kwamba alisikia asbesto imepigwa marufuku, ndipo akaiondoa. Ni kweli imepigwa marufuku nchini Kenya, na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 ziliiweka kwenye orodha ya taka hatari. Hapo ndipo penye tatizo: ukishaishusha, unamiliki taka hatari, na sheria inataka kujua umeipeleka wapi.

Mapaa haya yamo kwenye kota za serikali, nyumba za reli, shule, zahanati na maghala ya zamani. Bati lake ni la simiti iliyochanganywa na nyuzi za madini ya asbesto, la kijivu, lenye mawimbi mapana na unene wa takriban milimita 6, na limefungwa kwa bolti badala ya misumari ya mabati. Lakini yapo mabati ya simiti ya baadaye yasiyo na asbesto, na kwa macho hayatofautiani. Jibu la uhakika hutoka maabara, kwa kipande kidogo kilicholoweshwa maji kabla ya kukatwa na kutiwa katika mifuko miwili.

Madhara yako kwenye pumzi. Nyuzi za asbesto ni nyembamba kiasi cha kutoonekana, na zikishaingia mapafuni huweza kukwama humo kwa miaka mingi. Husababisha kovu la mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka, ambayo kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 40 au zaidi baada ya mtu kuvuta vumbi. Kwa hiyo hoja ya "nimekaa chini ya paa hili tangu utotoni na mimi mzima" haituambii lolote kuhusu fundi aliyelivunja wiki iliyopita.

Wengi huuliza habari ya maji ya mvua. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ukomo cha asbesto katika maji ya kunywa, kwa sababu ushahidi wa madhara kwa njia ya kumeza si thabiti. Wasiwasi uelekezwe kwenye tope la mfereji wa paa. Likikauka, hugeuka vumbi. Litolewe likiwa limelowa, kwa mkono wenye glavu, wala lisifagiliwe.

Paa zima, lisilo na nyufa wala kingo zinazomomonyoka, halimwagi nyuzi nyingi likiachwa lilivyo. Una muda wa kufuata utaratibu. Likague ukiwa kwenye ngazi, usilikanyage: simiti hii huzeeka na kuwa tete, na mafundi wamekuwa wakitumbukia ndani kwa kuamini bolti bila ubao wa kutembelea. Usilitoboe, usilisugue kuvu kwa brashi ya waya, wala usilioshe kwa mashine ya presha. Rangi? Rangi hufunika tu. Ukilikwangua kwanza ili rangi ishike, umefanya lile lile tunalokataza.

Sasa utaratibu, nao hauruki hatua. Kwanza, mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, huandaa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, inayotaja ukubwa wa paa, namna ya kulishusha, gari litakalobeba na mahali pa kuzika. Pili, idhini ya NEMA hupatikana kabla ya bolti ya kwanza kuguswa. Ombi lililowasilishwa si idhini iliyotolewa, na hili tunalirudia kila msimu. Tatu, wafanyakazi wanalindwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, hivyo mwanakandarasi lazima awe na vifaa na mafunzo, si kibarua wa kuokotwa barabarani. Nne, msafirishaji awe na leseni ya kubeba taka, na kila safari iwe na hati ya kufuatilia mzigo hadi eneo lililoidhinishwa. Shamba lako si eneo lililoidhinishwa, hata ukichimba shimo refu kuliko la choo. Kifungu cha 141 cha Sheria ya Mazingira (EMCA) kinamwajibisha anayeshindwa kusimamia taka hatari kama sheria inavyotaka: faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 2, au vyote viwili. Kuwapa watu mabati hayo wajengee banda la kuku hakukuondolei dhima.

Siku ya kazi, watu wahame, madirisha yafungwe na eneo lizungushiwe utepe. Shule zisubiri likizo. Wafanyakazi wavae ovaroli za kutupwa na barakoa ya daraja la P3. Ya kitambaa au ya hospitali haifai kitu. Bati linyunyiziwe maji yenye sabuni kidogo, kwa mnyunyizo laini, pande zote linapofikika. Bolti zifunguliwe, iliyoshika kutu ikatwe kwa mkasi wa bolti, kamwe isiwe kwa grainda. Bati literemshwe zima, lisirushwe, kisha lifungwe kwa tabaka mbili za polithini nzito, geji 1000, na kubandikwa onyo. Kenchi na sakafu zipanguswe kwa matambara yaliyolowa, nayo yafungwe pamoja na ovaroli kama taka ile ile.

Linalosahaulika zaidi ni paa jipya. Asbesto ina uzito wa takriban kilo 15 kwa mita ya mraba. Bati la chuma la geji 28 au 30 halifiki kilo 4. Kenchi zilizokaa miaka yote kwa kukandamizwa na uzito zinabaki nyepesi, na upepo wa kwanza wa dhoruba unaweza kuinua paa lote, mbao na bati pamoja. Kabla ya kuezeka, kila kenchi ifungwe kwenye ubao wa juu ya ukuta kwa mkanda wa chuma, na ubao huo nao ufungwe ukutani kwa mkanda unaoshuka kozi kadhaa za matofali. Vilevile, mbao za kubebea mabati ya asbesto zilipigiliwa kwa nafasi inayofika karibu mita 1.4. Bati la geji 30 likiwekwa juu yake hubonyea fundi akikanyaga, viungo huachia, na mvua hupenya kwenye misumari. Ongeza mbao hadi nafasi isizidi sentimita 90, na pembeni mwa paa, ambako upepo huvuta kwa nguvu zaidi, pigilia kila wimbi la pili.

Angalia pia dari. Katika majengo ya rika hilo baadhi ya bodi za dari na mabomba ya maji ya mvua yalitengenezwa kwa asbesto hiyo hiyo, na yaingizwe kwenye ripoti moja na paa. Ukiyasahau, utaanza ombi upya.