Miaka 13 kati ya Mwanzo 16 na 17

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Juzi kwenye jumuiya hapa Moshi mama mmoja alisubiri wenzake watoke ndo akaniambia, "Mwinjilisti, huu mwaka wa sita namwombea mwanangu aache pombe, nimefunga, nimekesha, hamna kitu, au imani yangu ndogo?" Hili swali naletewa sana.

Fungua Mwanzo 16 mstari wa mwisho, Abramu, ndiye Ibrahimu aliyeahidiwa uzao na Mungu, ana miaka 86, Hajiri mjakazi wa mkewe Sara kamzalia Ishmaeli. Shuka mstari mmoja tu, sura ya 17 inaanza na ana miaka 99. Hapo katikati imepita miaka 13 na Biblia haijaandika Mungu kamwambia hata neno moja. Miaka 13! Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa hivi yuko darasa la saba. Alitoka Harani na miaka 75, Isaka, mtoto wa ahadi, akazaliwa baba yake akiwa na 100, yani 25 ya kungoja, halafu sisi wahubiri tunaimaliza kwa nusu saa, mtu anarudi nyumbani anajipima na stori iliyofupishwa, hapo kwa kweli tunawaumiza watu. Na baba wa imani mwenyewe aliyumba jamani, huyo Ishmaeli alitokana na kuchoka kungoja, na alipoambiwa Sara atazaa alianguka kifudifudi akacheka. Ahadi haikufutwa.

Huku kwetu mfikirie Johannes Rebmann, yule mmisionari aliyeuona Kilimanjaro Mei 1848 akaandika kuna theluji, wasomi wa Ulaya wakambishia. Alikaa Afrika Mashariki miaka 29, aliobatiza wachache mno, akarudi Ujerumani 1875 akiwa haoni na mwaka uliofuata akafariki. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walikuja kuanza kazi Machame hapa Kilimanjaro 1893, yeye ameshalala kaburini miaka 17. Siku hizi huku kwetu, Jumapili ukichelewa ibada ya kwanza unasimama nje.

Yule mama sikumwambia aongeze kufunga, amechoka. Nilimwambia mama, taja jina la mwanao asubuhi ukiwasha jiko, sentensi moja inatosha, na kijana mumpeleke hospitali pia, maombi hayagombani na dawa. Zile siku anazoshindwa kabisa kuomba tumegawana wanajumuiya tumwombee sisi, Alhamisi nimechukua mimi.