Plastiki ya "upasuaji wa plastiki" siyo ya ndoo

Kila mtu maarufu akirudi kutoka Istanbul na kiuno chembamba, mitandaoni huanza maneno yale yale: "kajaza plastiki", "ile ni plastiki tupu", "asikae juani atayeyuka". Utani wa kuyeyuka hupita, lakini watu hubaki wakiamini kwamba kazi ya daktari huyu ni kutia plastiki mwilini. Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Mzazi wa mtoto mwenye mdomo wazi akiambiwa ampeleke kwa daktari wa upasuaji wa plastiki anaingiwa na hofu. Na anayetaka kwenda Uturuki au India kupunguza tumbo anapanga safari kama anayepeleka gari kubadilishiwa bampa: kuingia Jumatatu, kutoka Ijumaa.

Maana yenyewe ni fupi. Upasuaji wa plastiki ni tawi la upasuaji linalorekebisha umbo na kazi ya ngozi na nyama laini iliyo chini yake, mara nyingi kwa kuhamisha sehemu ya mwili wa mtu huyo huyo kutoka hapa kwenda pale. Ukitengeneza kilichoharibiwa na moto, ajali, saratani au hitilafu ya kuzaliwa, huitwa upasuaji rekebishi. Ukibadili kiungo kisicho na tatizo kwa sababu mwenyewe anataka kionekane vingine, huitwa upasuaji wa urembo. Ni fani moja yenye matawi mawili, na daktari bingwa husomea yote mawili.

Sasa neno lenyewe. Katika Kigiriki, kitenzi plassein ni kufinyanga, na plastikos ni kinachohusu ufinyanzi, au kinachofinyangika. Sisi tunaosema Kiswahili tulipaswa kulielewa upesi kuliko wengi, maana kitenzi tunacho, na mfinyanzi tunaye. Biblia ya Kigiriki inaposimulia Mungu alivyomuumba mtu kwa mavumbi ya ardhi, Mwanzo 2:7, inatumia kitenzi hicho hicho: eplasen, akamfinyanga. Hakuna plastiki katika aya ile, kama ambavyo haimo katika jina la upasuaji huu.

Miaka inathibitisha. Mwaka 1818 daktari Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe alichapisha kitabu cha kutengeneza pua, akakiita Rhinoplastik. Mwaka 1838 Eduard Zeis, Mjerumani mwingine, alitoa mwongozo wa fani nzima akiiita plastische Chirurgie, na tangu hapo jina likashika. Wakati huo ndoo ya plastiki haikuwepo duniani. Parkesine, moja ya plastiki za kwanza kutengenezwa na binadamu, ilionyeshwa London mwaka 1862. Bakelite ya Leo Baekeland ilikuja 1907, na polithini, inayozaa mifuko na ndoo, iligunduliwa 1933. Vitu hivyo viliitwa plastiki kwa sababu vikipata joto hufinyangika. Upasuaji haukuazima jina kwa ndoo. Wote wawili walilitoa kwa mfinyanzi, na upasuaji ulitangulia.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina. Maandiko ya Sushruta, tabibu wa kale wa India, yanaeleza pua kutengenezwa kwa ngozi ya mtu mwenyewe. Mwaka 1597 Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alichapisha njia yake: anachanja ngozi ya mkono wa juu bila kuikata yote, anaishona puani, kisha anaufunga mkono kichwani kwa wiki kadhaa mpaka ngozi ipate damu kutoka usoni, ndipo anaikata kutoka mkononi. Oktoba 1794 jarida moja la London lilieleza jinsi mtu wa India aliyekatwa pua alivyotengenezewa nyingine kwa ngozi ya paji la uso, na miaka ishirini baadaye Joseph Carpue akaijaribu njia hiyo Uingereza. Katika yote haya ngozi inaachwa na kikonyo chake, kama jani kwenye tawi, kwa sababu ngozi isiyofikiwa na damu hufa. Kikonyo hicho tutakirudia.

Mtu atauliza: na silikoni ya matiti je? Hilo ni swali halali. Ipo, na kwa lugha ya kawaida unaweza kuihesabu katika plastiki. Titi la kwanza la silikoni liliwekwa Houston mwaka 1962, zaidi ya karne moja baada ya kitabu cha Zeis. Ni kifaa kimoja katika kasha la vifaa. Kupunguza tumbo hakuhitaji silikoni. Kunyonya mafuta hakuhitaji. Kuongeza makalio kwa njia ambayo wengi huendea Uturuki, ile inayoitwa BBL, ni kunyonya mafuta ya mtu tumboni na mgongoni na kuyaingiza makalioni kwake mwenyewe. Anayeitwa "plastiki tupu" mtandaoni mara nyingi hana hata gramu moja.

Lugha nyingine zimepotea kwa njia zao. Kiarabu husema jirahat at-tajmil, upasuaji wa kupamba, kutoka katika mzizi uliotupa majina ya Jamal na Jamila. Na jiraha yenyewe ni ndugu wa jeraha letu. Kwa jina hilo aliyeungua moto anaonekana naye amekwenda kutafuta urembo. Waturuki mtaani husema estetik, tena Kigiriki, kutoka katika neno la kuhisi, mzizi ule ule uliozaa anesthesia, yaani kutohisi. Kiswahili cha hospitali kimejitahidi kwa "upasuaji rekebishi", na ni neno zuri, ila linataja tawi moja tu.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuliheshimu jina hili. Amref, iliyoanza kama huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa plastiki. McIndoe ndiye aliyewatengeneza upya marubani walioungua katika Vita vya Pili, na alikuwa binamu wa Harold Gillies aliyetengeneza nyuso za askari wa Vita vya Kwanza huko Sidcup, Uingereza. Makovu ya moto yaliyokunja viwiko, midomo wazi, majeraha ya wanyama: hiyo ndiyo plastiki waliyoileta vijijini.

Haya yanamhusu anayepanga safari kwa sababu kinachofinyangwa ni nyama hai, na nyama hai ina kalenda yake. Rudi kwenye kikonyo. Ngozi ya tumbo iliyovutwa na kushonwa inategemea mishipa midogo ya damu iliyobaki. Mafuta yaliyohamishwa hayana mshipa hata mmoja siku ya kwanza. Yanaishi kwa kufyonza majimaji ya jirani mpaka mishipa mipya iote, na sehemu yake hufa ndani ya miezi michache ya kwanza. Ndiyo maana sigara na shisha huachwa walau wiki 4 kabla na wiki 4 baada: nikotini hubana mishipa, kingo za kidonda hugeuka nyeusi. Ndiyo maana aliyeongezwa makalio haruhusiwi kuyakalia moja kwa moja kwa wiki mbili au zaidi. Jiulize atasafirije kwa ndege ya saa saba hivi kutoka Istanbul hadi Dar siku ya tano.

Ushauri wa kawaida wa afya ya wasafiri ni kutopanda ndege kwa siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa uso, kope au pua, na takriban siku 10 baada ya upasuaji wa kifua au tumbo. Sababu kuu ni damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kukimbilia mapafuni. Upasuaji mkubwa huongeza hatari hiyo, safari ya zaidi ya saa 4 huiongeza, na mbili zikikutana huzidishana. Kwa tumbo, panga siku 14. Mirija ya kutoa majimaji kwa kawaida hutolewa pale kinachotoka kimeshuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, na hakuna wakala anayeweza kukuahidi tarehe hiyo. Nunua tiketi inayobadilishika, kiti cha pembeni mwa njia, soksi za kubana miguu, na siku ya kurudi omba kiti cha magurudumu uwanjani. Mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikauma, au pumzi ikakatika, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Jambo moja husahaulika na hata madaktari wazuri wa huko: anayetoka ukanda wa malaria akipata homa siku ya tatu, Istanbul watatafuta maambukizi ya kidonda. Waambie mapema unatoka wapi, uombe kipimo cha malaria. Kabla ya kuondoka pima pia wingi wa damu na selimundu, na sema wazi kama una kovu lililowahi kuota likawa kubwa kuliko kidonda chake. Ngozi yetu huota makovu ya namna hiyo, hasa kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio, na matibabu yake, sindano za steroidi na vibandiko vya silikoni, ni ya miezi nyumbani, si ya siku mbili hotelini.

Kunyonya mafuta si njia ya kupungua uzito. Lita 5 kwa mara moja ndio mpaka ambao ukivukwa mgonjwa anapaswa kulala hospitali akiangaliwa. Kwa makalio hatari ni nyingine: mafuta yakiingizwa ndani ya msuli yanaweza kupenya mshipa mkubwa na kufika mapafuni, mtu akafa mezani. Makadirio yaliyotolewa 2017 yalikuwa karibu kifo 1 kwa kila upasuaji 3,000, na mwaka 2018 vyama vya madaktari bingwa vilitoa agizo kwamba mafuta yabaki juu ya msuli, chini ya ngozi tu. Huko Florida, baada ya vifo kufuatana, sheria ikadai daktari atumie altrasaundi wakati wa kuingiza. Maswali yako basi ni matatu: ncha ya mrija wa kuingizia mafuta inaishia wapi, altrasaundi itatumika, na siku hiyo daktari ana wagonjwa wangapi?

Cheo cha daktari nacho huchanganywa. "Daktari wa urembo" katika nchi nyingi si cheo kinacholindwa. Uingereza, kwa mfano, daktari yeyote aliyesajiliwa anaweza kisheria kufanya upasuaji wa urembo. "Bingwa wa upasuaji wa plastiki" ndicho cheo chenye miaka ya mafunzo nyuma yake. Uturuki kinasomeka Plastik, Rekonstrüktif ve Estetik Cerrahi uzmanı. Tafuta maneno hayo yote kwenye cheti, na uone kibali cha Wizara ya Afya yao cha kupokea wagonjwa wa nje. India tafuta MCh ya upasuaji wa plastiki, inayosomwa baada ya shahada ya uzamili ya upasuaji. Ukiona tangazo limelikwepa neno plastiki likabakiza urembo peke yake, uliza kwa nini. Neno linalodharauliwa mtandaoni ndilo linalokulinda kwenye cheti.

Unaporudi, karatasi ni muhimu kuliko picha. Omba ripoti ya upasuaji iliyosainiwa, kwa Kiingereza, karatasi ya usingizi na dawa zilizotumika, na kama kuna silikoni, kadi yenye kampuni, namba ya kifaa na namba ya toleo. Mwaka 2010 iligundulika Ufaransa kwamba kampuni ya PIP, iliyotengeneza matiti ya silikoni, ilitumia silikoni ya viwandani, na mwaka 2019 aina moja ya matiti yenye uso wa kukwaruza ya kampuni ya Allergan iliondolewa sokoni duniani kwa kuhusishwa na saratani adimu ya limfu. Wasio na kadi walibaki kubahatisha. Tafuta kabla ya safari daktari wa nyumbani atakayekubali kukupokea, kwa sababu bima ya kawaida ya safari haigusi matatizo ya upasuaji uliopangwa. Uvimbe mwekundu unaojitokeza wiki au miezi baadaye na kugomea antibiotiki za kawaida unaweza kuwa bakteria wa ukoo wa TB wasio TB. Mtajie daktari nchi uliyopasuliwa ili aagize kipimo chake, na jiandae kwa dawa za miezi.

Kwa hiyo kusema "kafanyiwa upasuaji wa plastiki" ni sawa kabisa, na ulimi umeshazoea. Kinachohitaji marekebisho kidogo ni "kawekewa plastiki". Mtoto aliyefungwa mdomo wazi hakuwekewa kitu. Midomo yake mwenyewe imeletwa pamoja. Na dada aliyerudi na makalio mapya, mara nyingi, amebeba mafuta yale yale aliyoondoka nayo.