Tuta lako la udongo: shuka nyuma kwanza

Watu wenye matuta yao binafsi ya kuzuia mafuriko nikienda kuwakagulia huwa wananipandisha juu kabisa, tunasimama kwenye mgongo wa tuta naonyeshwa mto ulivyo mbali kule chini, "unaona injinia, maji hapa hayafiki." Sawa, nimeona. Nikishaitikia nateremka zangu upande wa pili, ule mkavu, naanza kutembea polepole pale tuta linapokutana na shamba, maana kama kuna ugonjwa unaanza kujitokeza hapo.

Iko hivi, tuta la udongo halishiki maji kama sufuria. Maji yanapenya tu, na tuta zuri ni lile linaloyapitisha taratibu mno mpaka hayana nguvu ya kubeba hata punje ya mchanga. Yakipata njia ya mkato yanabeba punje chache, njia inapanuka, yanakuja mengi zaidi, yanabeba zaidi, na huo mtobo unakula kutoka upande mkavu kurudi nyuma kuelekea mtoni. Ukifika mtoni tuta linakatika hata kama maji bado yako nusu mita chini ya mgongo, watu wanabaki wanashangaa.

Kuna tuta moja nililikuta mafuriko yakiwa siku ya pili, nyuma kwenye nyasi kuna kitobo kama mdomo wa kikombe, maji yanabubujika, mchanga umejipanga duara kama kichuguu kidogo. Mwenyewe kashika koleo anataka kukiziba. Nikamwambia mzee wangu, tafadhali usizibe! Ukiziba, presha inatafuta mlango mwingine na huo huenda usiuone. Tukakizungushia viroba vya mchanga kama kisima, maji yakapanda humo ndani yakaanza kukandamiza yale ya chini, tukaacha mwanya yatokee. Kila baada ya muda nachota kwenye glasi. Mwanzoni yalikuwa na tope, baadaye yakatoka masafi, hapo ndo nikakaa chini. Maji masafi yanayovuja unayafuatilia, ya tope yanakula tuta.

Sasa haya ya binafsi shida yake ni historia. Mara nyingi hakuna mchoro, babu alisukuma udongo na buldoza ukalundikana ukaota nyasi basi. Udongo wa tuta unawekwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 mpaka 30, kila tabaka linashindiliwa likiwa na unyevu wa kiasi, na udongo wa mfinyanzi mkavu wa mabonge unaacha mapengo ndani ambayo kwa nje huyaoni kabisa. Halafu upana: tuta la kimo cha mita 2 lenye mgongo wa mita 3 na mteremko wa 1 kwa 3 kila upande (yaani kila mita 1 ya kimo, mita 3 kwenda pembeni) linahitaji kitako cha mita 15. Mengi ninayoyakuta hayafiki hata nusu yake.

Ila kinachonitisha kuliko vyote ni bomba, lile la pampu au kalavati lililopitishwa katikati ya tuta. Kushindilia udongo chini ya tumbo la bomba ni kazi ngumu, kwa hiyo maji yanapenda kutambaa pale pembeni yake, na likiwa la chuma limeshika kutu ndo usiseme. Miti nayo, mizizi ikifa inaacha mirija, na mti ukiangushwa na upepo unang'oka na bonge la tuta. Nyasi fupi nazitaka ili nione mashimo ya fuko, urembo sina shida nao.

Kimo cha tuta nacho kina maana yake, sikatai, mwaka 1993 kwenye mafuriko ya Mississippi kule Marekani matuta zaidi ya 1,000 yalipitwa na maji au kuharibika, na mengi hayakuwa ya serikali kuu. Ila kabla hujaongeza udongo juu jua kwamba maji unayoyazuia yanaenda kwa jirani, kwa hiyo ulizia kibali.

Na mto ukishuka haraka usikimbilie kulala. Upande wa mtoni unakuwa umelowa mzito na maji yaliyokuwa yanauegemea yameondoka, ndipo unapoporomoka, kwa hiyo pita na tochi juu ya mgongo ukitafuta nyufa ndefu zinazofuata urefu wa tuta.