Ile 10.4 ya ukutani

Siku ya mahafali mgeni rasmi alikohoa kidogo, akageuka, akanyoosha kidole kwenye ubao wa rekodi uliopigiliwa juu ya mlango wa bwalo. "Mita mia, sekunde kumi nukta nne, mwaka 1967. Tena peku! Leo mna viatu, mna wali nyama, mna kila kitu, na hiyo hamjaigusa. Ninyi ni goigoi." Bwalo likaangua kicheko, makofi yakafuata. Safu ya tatu mbele yangu alikaa kijana wa kidato cha nne ambaye mwezi Juni alikimbia 11.1, na mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu tulioshika saa siku hiyo. Akainamisha kichwa, akaanza kuchezea kifungo cha shati.

Hotuba hii nimeisikia Kongwa, nimeisikia Bahi, nimeisikia Mpwapwa mara mbili mwaka mmoja. Nimeisikia ndani ya daladala kutoka kwa mtu ambaye hajawahi hata kukimbilia hiyo daladala. Kila shule ya zamani ina namba yake ukutani, na kila mzee ana hakika kwamba namba hiyo haivunjwi kwa sababu watoto wa leo wamelegea. Siku ile nilivumilia kwa sababu pilau ilikuwa bado haijaletwa. Leo sivumilii.

Kwanza saa. Mtu akiniambia "10.4" namuuliza: nani aliianzisha mbio, kwa kutumia nini, na mshika saa alikuwa akiangalia nini? Hapo ndipo mazungumzo huishia, kwa sababu jibu huwa ni filimbi.

Filimbi, jamani. Mwanzishaji anapuliza kule mwanzo, mtunza muda amesimama huku mwisho, mita mia kati yao. Sauti inachukua karibu sekunde 0.3 kufika sikioni. Wakati huo mtoto ameshatoka. Ongeza muda wa kidole kushtuka. Halafu angalia kinachotokea mwisho: mkimbiaji unamwona anakuja, unajua anafika sasa hivi, kwa hiyo kidole hakishtuki tena, kinamngoja. Wengine kinamtangulia. Saa imechelewa kuanza na imewahi kusimama, na makosa yote mawili yanampunguzia muda mtu yuleyule. Ndiyo maana tunatumia bastola na kuangalia moshi, si kusikiliza mlio. Ndiyo maana pasipo na bastola nawaambia walimu watafute vibao viwili vya mbao, mwanzishaji avipige juu ya kichwa, mshika saa aangalie vikikutana. Vibao havina gharama. Lakini nikienda bonanza la shule nakuta filimbi, na mwalimu amempa kisogo mwanzishaji huku akipiga soga.

Vitabu vinasema ukitaka kulinganisha muda wa mkono (saa ya kubonyeza) na wa kamera (saa ya umeme) kwenye mita 100, uongezee ule wa mkono 0.24. Namba hiyo mnaipenda kwa sababu ina desimali mbili. Ni wastani tu, tena wa watu waliozoea kazi na wanaoangalia moshi. Mimi nimesimama mstari mmoja na wenzangu wawili, kila mmoja na saa yake, mkimbiaji mmoja: 11.2, 11.2, 11.5. Kanuni inasema mbili zikikubaliana ndiyo hiyo, basi 11.2 ikaandikwa. Lakini wale wawili waliokubaliana walisimama bega kwa bega, na mmoja wao alitupia jicho saa ya jirani kabla ya kutaja yake. Najua, kwa sababu aliyetupia jicho ni mimi. Nilikuwa na mwaka wangu wa pili wa kushika saa, niliogopa kuonekana mjinga. Mpaka leo naamini ile 11.5 ndiyo ilikuwa kweli.

Simu imezidisha ugonjwa. Naletewa fomu imeandikwa "11.23". Mwalimu wangu, kidole chako hakina desimali mbili. Muda wa mkono unapandishwa kwenda sehemu ya kumi inayofuata: 11.23 ni 11.3, na 11.21 nayo ni 11.3, usinibembeleze. Hata Filbert Bayi kwenye mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974, mashine ilimsoma 3:32.16 na dunia ikaandika 3:32.2, na kwa mbio ndefu namna ile hiyo ilitosha. Kwenye mbio fupi, tangu 1977 rekodi za dunia hadi mita 400 hazipokelewi bila saa ya umeme. Na mkidhani kamera ni ya mbio fupi tu, kumbukeni Simbu wetu wa Singida, marathoni ya Tokyo, mashindano ya dunia, Septemba 2025. Kilomita 42 na ushei, yeye na Mjerumani wote 2:09:48, kamera ikawatenganisha kwa sekunde 0.03. Kwa saa zetu na filimbi yetu, medali ile tungeirushia shilingi.

Upepo nitaupitia haraka. Juni ndio mwezi wa mashindano, na Juni Dodoma ndio mwezi wa upepo wa kusini mashariki na vumbi. Zaidi ya mita 2.0 kwa sekunde kutoka nyuma, muda wa mita 100 si rekodi. Kipima upepo sijakiona katika shule yoyote ya mkoa huu, na bendera ya taifa kwenye mlingoti si kipimo. Pia tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata tukifanya kila kitu sawasawa, muda wetu wa mbio fupi utawekewa herufi A pembeni, alama ya mwinuko. Hewa nyepesi humsaidia wa mita 100 na kumnyonga wa mita 5,000. Hilo wa mbio ndefu wanalijua bila kuambiwa.

Sasa linaloniudhi kuliko filimbi: kulinganisha vitu visivyo aina moja kwa sababu vina jina moja. Kijana mmoja alinitumia ujumbe akiwa na furaha kwamba mtoto wa sekondari Marekani alitupa tufe mita 24.77 mwaka 1979, na rekodi ya dunia ya Ryan Crouser ni mita 23.56, kwa hiyo dunia inatudanganya. Huyo mtoto ni Michael Carter wa Dallas, na rekodi hiyo ya shule za kule bado imesimama. Lakini tufe la sekondari Marekani lina ratili 12, yaani kilo 5.44. La wakubwa ni kilo 7.26. Carter huyohuyo, mwaka 1984 akiwa mtu mzima, alipata fedha ya Olimpiki Los Angeles kwa mita 21.09. Hakulegea, amebadilishiwa chuma. Huku kwetu ni vurugu tupu: tufe la wasichana, la vijana, la wakubwa, yote yamo ndani ya gunia moja stoo, namba zimefutika, na mwalimu anachukua lile lisilo na kutu. Halafu mwaka unaofuata mnashangaa rekodi imepitwa kwa mita mbili.

Au maili. Watu wanasema "maili, raundi nne". Raundi nne za uwanja wa mita 400 ni mita 1,600, na maili ni 1,609 na kitu. Mita tisa hizo kwa mkimbiaji mzuri ni sekunde na ushei, na kwenye maili sekunde moja ni milima na mabonde. Jim Ryun wa Wichita, Kansas, alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa sekondari kushuka chini ya dakika nne, mwaka 1964. Mwaka uliofuata akakimbia 3:55.3, akimwacha nyuma Peter Snell, bingwa wa Olimpiki. Rekodi hiyo ya shule ikakaa miaka 36 mpaka Alan Webb alipokimbia 3:53.43 mwaka 2001. Ilikaa kwa sababu ilipimwa vizuri na kwa sababu Ryun alikuwa Ryun: miaka miwili baadaye alikuwa na rekodi ya dunia, 3:51.1, na aliyekuja kumnyang'anya ni huyuhuyu Bayi, 3:51.0, Kingston, 1975.

Kwa hiyo sisemi kila rekodi ya zamani ni feki. Hapa ndipo nami huyumba. Ryun alikimbia kabla ya tartani, ile njia ya mpira, kuenea, bila viatu vya sponji na sahani ya kaboni ambavyo leo mtoto wa kule ananunua dukani. Ukianza kuzishusha hadhi namba za zamani kwa sababu ya saa, uwe mwaminifu, uzipandishe pia hadhi kwa sababu ya udongo. Mimi nasahihisha upande wa saa tu, kwa sababu ndio ninaoujua, na nakiri hiyo si haki. Ila hoja ya goigoi haisimami hata hapo. Rekodi ya mita 400 ya shule Marekani, 44.69 ya Darrell Robinson, ilidumu tangu 1982. Mwaka 2024 Quincy Wilson akaivunja akiwa na miaka 16, na kabla mwaka haujaisha akafika 44.20. Mwaka uliofuata Cooper Lutkenhaus, naye miaka 16, akakimbia mita 800 kwa 1:42.27. Watoto wa simu hao.

Mamluki, wale wanafunzi wa kukodi, nisiwasahau. Enzi hizo mtu aliingia kidato cha kwanza na ndevu zake, na si kosa lake, shule zilikuwa chache na alianza akiwa mkubwa. Hiyo ni tofauti na mamluki wa leo anayesajiliwa Mei na kutoweka Julai. Lakini ubaoni wote ni "mwanafunzi". Rekodi ya shule yenye jina na mwaka bila umri ni nusu ya rekodi.

Turudi kwenye ile 10.4. Jumamosi baada ya mahafali nilirudi pale na futi yangu ya chuma ya mita 50. Mkuu wa shule aliniruhusu kwa tabasamu la mtu anayemruhusu kichaa. Yule kijana alishika ncha moja, mlinzi akashika fimbo ya kuogopesha mbuzi waliokuwa wanalala katikati ya uwanja. Kando ya kiwanja kuna vigingi vinne vya zege vya zamani, viwili mwanzo na viwili mwisho, vimezama mpaka vimebaki kama magoti. Tulifyeka nyasi, tukavuta futi mpaka ikatoa sauti, tukaweka alama ya msumari kwenye hamsini, tukaendelea. Mita 91 na sentimita 44. Nikarudia. Sentimita 46. Mara ya tatu 44 tena.

Nikacheka, nikamwambia kijana: "Unaona? Wazee walipima kwa hatua." Maneno hayo nimeyasema kwenye viwanja vingi, kila nilipokuta njia fupi. Tulifungasha, nikanywa chai kwa mlinzi, nikapanda bodaboda. Ilikuwa tumefika karibu na Mnadani ndipo nikamwambia dereva asimame. Hatua gani hizo zinazorudia 91.44 bila kukosea hata kiganja? Hayo ni yadi mia. Hawakukosea hata chembe. Walipima vizuri kuliko ninavyopima mimi. Mwaka 1966 hata Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Kingston ilikimbiwa kwa yadi, mita zikaja Edinburgh 1970. Na nikaanza kuhesabu ni viwanja vingapi nimevitukana bure.

Mmarekani Bob Hayes, bingwa wa Olimpiki wa mita mia, alikuwa na 9.1 kwa yadi mia na 10.0 kwa mita mia. Tofauti 0.9. Kwa mwanafunzi tuseme hiyohiyo, ingawa asiye mwepesi kama Hayes angehitaji zaidi. 10.4 inakuwa 11.3. Kijana wangu wa kifungo cha shati ana 11.1 iliyoanzishwa kwa vibao na kupimwa na washika saa watatu.

Mwenye rekodi yuko hai. Mkuu wa shule alinipa namba, nikampigia jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikajieleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka cheko refu la mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. "Mita? Nani kakwambia mita? Zile zilikuwa yadi. Ubao ulipakwa rangi upya miaka ya themanini, fundi akaandika anavyojua. Mimi nilikuja kwenye mahafali nikaiona, nikanyamaza. Ningesema nini, nijishushe mbele ya watoto wangu?"

Akauliza huyo kijana amekimbia ngapi. Nikamwambia.

"Peku?"

"Na spaiki za kuazima, mzee. Namba kubwa kuliko mguu."

"Basi ana mbio huyo. Mwandikeni." Kimya kidogo. Nilidhani laini imekatika. "Ila mwalimu, na hili uliandike: siku ile upepo ulikuwa unatupiga usoni."

Kila mwenye rekodi niliyewahi kuongea naye alikimbia upepo ukimpiga usoni. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini njia ile inaelekea kusini mashariki, na ilikuwa Juni.