Vidukari wa tumbaku: usihukumu dawa kwa matokeo ya siku ya kwanza

Lambda-sihalothrini na wenzake wa kundi la pairethroidi huangusha vidukari (wadudu wadogo wafyonzao utomvu) ndani ya saa chache, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Dawa hiyo ni ya mguso. Aliyejibana chini ya jani au kwenye kichomozo hafikiwi, na vidukari wa tumbaku katika maeneo mengi wamekwisha kuizoea. Juu ya hayo, inaua bunzi-kibibi (mbawakawa wadogo wenye madoa) wanaowala. Kwa kuwa jike huzaa watoto hai bila kujamiiana, waliosalia hujaza majani tena upesi.

Asefeti hupenya ndani ya jani, kwa hiyo humpata hata aliyejificha, ila kinga yake haidumu. Imidaklopridi ina njia nyingine: humwagiwa miche kwenye trei kabla ya kupandikizwa, kisha majani husuuzwa kwa maji ili dawa ishuke kwenye mizizi. Kutoka hapo hupanda na utomvu na kulinda majani mapya kwa wiki kadhaa. Usiposuuza, sehemu ya dawa hubaki juu ya jani na kinga hupungua. Wadudu wakirudi baadaye, usipulizie asetamipridi: zote mbili ni kundi 4A, yaani huua kwa njia ileile, na wadudu huizoea. Chukua ya kundi jingine, mfano flonikamidi (29), mradi imesajiliwa kwa tumbaku.

Kulinganisha kunahitaji vipande visivyopuliziwa kabisa. Rudia kila dawa katika vipande vinne vilivyotawanywa, kwa sababu vidukari wenye mabawa hutua zaidi pembezoni mwa shamba. Hesabu vidukari kwenye majani ya juu ya mimea kumi ya mistari ya kati kabla ya kupulizia, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Magamba meupe waliyojivua usiyahesabu, wala miili iliyovimba yenye rangi ya kahawia, kwani hao wameuawa na nyigu wadogo.

Tuseme vipande vilikuwa na wadudu sawa mwanzoni. Siku ya 14 visivyopuliziwa vina vidukari 240, vilivyopuliziwa 36. Toa 36 kwenye 240, gawa kwa 240, zidisha kwa 100: ufanisi ni asilimia 85.

Jaribio liishe kabla ya kukata vikonyo (vichwa vya maua). Vikishakatwa, majani hukomaa, nikotini hupanda na vidukari hupungua vyenyewe, hata pasipopuliziwa kitu.