Kugandisha Mayai ya Uzazi Ukiwa Kijana na Mzima: Anayetia Saini Ameambiwa Nini?

Watu wengi wakisikia habari ya kugandisha mayai ya uzazi, hubishana kama mwanamke asiye na ugonjwa wowote ana haki ya kufanya hivyo. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Mwili ni wake na mayai ni yake. Akiwa mtu mzima, akaelezwa na akaelewa, sioni msingi wa kumkatalia. Kinachotusumbua sisi tunaoshughulika na maadili ya tiba ni hapo kwenye kuelezwa. Nani anamweleza, anamweleza nini, na anayemweleza anapata nini huyo mwanamke akikubali?

Tuanze na mwili wenyewe. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kiasi cha milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na katika miaka yote ya hedhi atapevusha kama 400 au 500 tu. Mengine hujifia yenyewe. Idadi inapopungua, ubora nao hushuka, kwa kuwa kadiri umri unavyosonga ndivyo mayai mengi zaidi yanavyokuwa na kasoro za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, na baada ya miaka 35 hivi mteremko huwa mkali. Yai lililogandishwa hubaki na umri wa siku lilipotolewa. Mwanamke wa miaka 42 anayetumia yai alilohifadhi akiwa na 30 ana hatari ya kasoro za kromosomu ya mwanamke wa miaka 30. Ila moyo wake, mishipa yake ya damu na mji wake wa mimba bado vina miaka 42, kwa hiyo presha ya ujauzito, kisukari cha mimba na kujifungua kwa upasuaji vinabaki kuwa hatari za umri wake wa sasa. Hili la pili husemwa kwa sauti ndogo sana kwenye matangazo, likisemwa kabisa.

Mayai hupatikana kwa kujidunga sindano za homoni kila siku kwa siku 10 hadi 14 hivi, huku vipimo vya damu na ultrasaundi vikifuatilia jinsi vifuko vya mayai vinavyokua. Inafuata sindano ya kuyakomaza. Saa 36 hivi baadaye, mwanamke akiwa amepewa dawa ya usingizi, daktari hupitisha sindano ndefu ukeni akiongozwa na ultrasaundi na kuyavuta mayai moja baada ya jingine. Yaliyokomaa hugandishwa na kutunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Uzazi wa kwanza kutokana na mayai yaliyogandishwa ulitokea Australia mwaka 1986, lakini kwa njia ya zamani ya kugandisha polepole, chembe za barafu ziliharibu mayai mengi mno. Njia ya kugandisha kwa kasi kubwa ndiyo iliyogeuza mambo, na mwaka 2012 Jumuiya ya Tiba ya Uzazi ya Marekani ikatamka kwamba utaratibu huu si wa majaribio tena.

Vituo vingi hunukuu tamko hilo na kuishia hapo. Tamko lenyewe liliendelea kusema kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kupendekeza njia hii kwa wanawake wasio na ugonjwa kwa lengo tu la kukwepa athari za umri. Miaka 2 baadaye Facebook na Apple zilitangaza kuwalipia wafanyakazi wao gharama za kugandisha mayai hadi dola 20,000, na tangu hapo soko halikusubiri tena ushahidi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ridhaa nyingi zinapokuwa ridhaa za jina tu. Mwanamke ametoka kutolewa mayai, ameambiwa yamepatikana kumi, anauliza: "Kwa hiyo daktari, hawa ni watoto kumi?" Jibu la kweli ni, "Hapana dada, bado hata mmoja hatujampata." Tufuate mfano wa mwanamke wa miaka 30. Ultrasaundi imeonyesha vifuko 14. Siku ya kuvuta yanapatikana mayai 12, na maabara inakuta 9 ndiyo yaliyokomaa. Hayo 9 ndiyo yanayogandishwa. Miaka inapita, anarudi. Yakiyeyushwa, 8 yako hai. Yakiunganishwa na mbegu za kiume, 6 yanatunga. Siku ya tano viinitete, yaani mimba changa kabisa, 3 tu ndivyo vilivyokua vizuri, na kati ya hivyo labda 2 vina kromosomu kamili. Kila kimoja kikipandikizwa kinaweza kushika au kisishike, na kilichoshika kinaweza kutoka. Mwishoni huenda akapata mtoto mmoja, wawili kwa bahati njema, au asipate kabisa. Na huyu umri ulikuwa upande wake.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha New York uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wanawake 543 waliorudi kutumia mayai yao. Kwa wastani waligandisha wakiwa na miaka 38. Waliopata mtoto kutokana na mayai hayo walikuwa asilimia 39. Wale waliogandisha kabla ya miaka 38 na wakayeyusha mayai 20 au zaidi walifika asilimia 70. Hiyo ni habari njema, siikatai. Lakini igeuze uitazame upande wa pili: katika hali nzuri kabisa, wanawake 3 kati ya 10 waliondoka mikono mitupu. Wauzaji hupenda kuiita huduma hii bima. Bima hulipa hasara ikitokea. Hapa unalipa ada miaka nenda miaka rudi, na siku ya hasara unaweza kuambiwa pole.

Kwa binti wa miaka 23 au 24 kuna mkanganyiko mwingine. Mayai yake ni bora, kwa hiyo kama ni kugandisha, kibaiolojia huu ndio wakati mzuri. Lakini yeye huyohuyo ndiye mwenye uwezekano mdogo kuliko wote wa kuja kuyahitaji, kwa sababu mbele yake ana zaidi ya miaka kumi ya kuweza kushika mimba kwa njia ya kawaida. Hata kwa ujumla wanaorudi ni wachache. Tafiti nyingi huonyesha ni chini ya mmoja kati ya watano. Daktari anayemchoma sindano binti huyu anautia mwili usio na ugonjwa katika hatari ili kuzuia tatizo ambalo huenda lisimfike kamwe. Hatari yenyewe si kubwa: ovari kuvimba kupita kiasi na maji kujaa tumboni, kwa hali kali, hutokea kwa kama mtu mmoja kati ya mia au chini ya hapo, na kutokwa na damu au kupata maambukizi baada ya kuvuta mayai ni nadra. Lakini kwa mgonjwa wa saratani anayekaribia kuanza tiba itakayoua ovari zake, tunaipima hatari hiyo dhidi ya hasara tunayoiona inakuja. Kwa binti asiye na ugonjwa upande wa pili wa mizani una hofu tu, na hofu hutengenezwa.

Hutengenezwa kwa kipimo pia. Kuna kipimo cha damu cha homoni iitwayo AMH, kinachokadiria akiba ya mayai iliyobaki. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake: humsaidia daktari kukisia ni mayai mangapi yatapatikana kwa sindano za homoni. Siku hizi huuzwa kwa wasichana kama kipimo cha uwezo wa kuzaa. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari cha Marekani lilichapisha utafiti wa wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, na wenye AMH ya chini walishika mimba kama wenzao. Kwa hiyo kumpima binti asiye na tatizo, kumwonyesha namba ya chini kwenye karatasi, na papo hapo kumpa bei ya kugandisha ni jambo ambalo mimi siwezi kuliita ushauri wa kitabibu.

Lawama nyingine hupelekwa kwa wanawake wenyewe, kwamba wanaweka kazi mbele na uzazi nyuma. Marcia Inhorn, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, aliwahoji wanawake wa Marekani zaidi ya 150 waliogandisha mayai, na wengi wao sababu haikuwa kazi. Walikosa mwenza wa kuzaa naye, aliye tayari na anayefaa. Ukilijua hilo, ile ofa ya mwajiri nayo inabadilika sura. Mwajiri anayelipia mayai huku akiwa na likizo fupi ya uzazi na saa za kazi zisizomruhusu mtu kulea, anajigharimia mwenyewe. Mfanyakazi kijana anayejua kampuni inalipia anaweza kuogopa kushika mimba mapema, ingawa hakuna aliyemkataza. Nisingeshauri ofa hiyo ipigwe marufuku. Ningeshauri isimamiwe na mtu wa nje, mwajiri asijue nani ameitumia na nani hakuitumia.

Kuna mpango unaonitia wasiwasi kuliko huo, nao ni wa kugandishiwa bure kwa sharti la kutoa nusu ya mayai kwa mwanamke mwingine. Hesabu ya pale juu inarudi hapa kwa ukali. Kati ya mayai 12, anabaki na 6. Akifika miaka 40, sita yake yote yanaweza kushindwa, na papo hapo akajua au akahisi kwamba mahali fulani kuna mtoto wa damu yake anayelelewa na wengine. Wapo wanaokubali hilo kwa moyo mweupe, na kutoa yai ni jambo la heshima. Ila anayekubali kwa sababu hana fedha za kulipia si sawa na anayejitolea, na fomu zake zisifanane. Ampate mshauri asiyelipwa na kituo, na apewe muda wa kurudi nyumbani kufikiri.

Sheria za nchi zinatofautiana sana. Ufaransa iliruhusu mwaka 2021, kwa wenye miaka 29 hadi 37. Singapore iliruhusu mwaka 2023, kwa wenye miaka 21 hadi 37, lakini mayai hayatumiki mpaka mhusika awe kwenye ndoa. China hairuhusu kwa wasio na waume. Xu Zaozao, mwanamke wa huko asiye na mume, alishitaki hospitali akihoji kwa nini mwanamume anaweza kuhifadhi mbegu zake na yeye asihifadhi mayai, na mwaka 2024 mahakama ya Beijing ikamkatalia kwa mara ya mwisho. Kikomo cha chini cha Wafaransa nakielewa, kwa sababu niliyoieleza ya mabinti wa miaka 23. Kizuizi cha ndoa ni uamuzi kuhusu nani anafaa kuwa mzazi, na hakina uhusiano wowote na usalama wa tiba.

Lipo pia suala la muda. Uingereza ilikuwa na kikomo cha kuhifadhi cha miaka 10 kwa wasio na sababu ya kitabibu. Aliyegandisha na miaka 25 alilazimika kuyatumia au kuyapoteza akiwa na 35, yaani adhabu ilimwangukia aliyewahi. Tangu Julai 2022 hifadhi inaweza kufika miaka 55, kwa kuthibitisha ridhaa kila baada ya miaka 10. Lakini miaka mingi ni ada nyingi, na vyombo huharibika. Machi 2018 tanki moja la kuhifadhia huko Cleveland, Marekani, lilipanda joto na zaidi ya mayai na viinitete 4,000 vikaharibika. Siku ileile tanki jingine lilipata hitilafu San Francisco. Kwa hiyo uliza kengele za tanki zinamfikia nani usiku, na mayai yako yatahamishiwa wapi kituo kikifungwa au kikiuzwa.

Fomu ya ridhaa huwa na ukurasa ambao wengi huujaza haraka kuliko yote: mayai yafanyweje ukiacha kulipa, ukipoteza fahamu moja kwa moja, au ukifariki. Machaguo kwa kawaida ni kuyatupa, kuyatoa kwa utafiti, au kumpa mtu mwingine. Ujaze ukurasa huo polepole, weka nakala nyumbani, na uwe unaandikia kituo kila unapobadili anwani, simu au mawazo.